Hodi Isiyo na Mgeni

Mbuke hakupanga foleni. Aliwapita watu waliokaa kwenye mabenchi, akaja moja kwa moja mpaka kaunta ya malalamiko, akakibwaga kipumulio cha mumewe mbele yangu kwa nguvu mpaka kioo chake kikapata ufa.

"Soma," akasema.

Kwenye kioo palikuwa na neno moja la kijani: UMEHUDUMIWA.

"Pole sana, dada. Inawezekana tatizo ni..."

"Sijaja kupewa pole. Nimesema soma. Soma kwa sauti, na hawa wasikie."

Nikasoma. Watu kwenye mabenchi wakageuka.

"Mume wangu kafa jana alasiri, amekishika hiki kidude hivi." Akakikumbatia kifuani kutuonyesha. "Kimeandika hivyo hivyo, amehudumiwa. Nimeweka kiganja kwenye bomba, hakuna hewa. Nimeweka shavu, hakuna hewa. Na chenyewe kinawaka kijani. Sasa nyie wenye mabomba yenu mniambie, kahudumiwa nani?"

Mimi si mtu wa kaunta. Ni fundi wa mtandao wa Shirika la Pumzi, na niliitwa chini kwa sababu dada wa mapokezi aliona maji yamezidi unga. Alidhani nitamtuliza yule mama kwa maneno ya kitaalamu. Lakini nilipolitazama lile neno la kijani nilishikwa na hasira hata kabla sijajua ni ya nini. Katika mji wa Mtakuja kila mtu anajua maana yake. Vumbi la ziwa lililokauka limekwisha kula mapafu ya nusu ya mji, na wakati wa alasiri, upepo ukivuma, nusu hiyo inaishi kwa hewa ya bomba. Ukiona kijani ina maana koki yako imefunguliwa na unapumua. Haliandikwi kwa maiti.

"Niachie nikipime," nikamwambia.

"Sikuachii. Mtakifuta."

"Basi simama hapa hapa, nipime ukiona."

Nikachomeka waya, nikafungua tableti yangu ya kazi. Mbuke akainama juu ya bega langu kama mtu anayechunga mizani ya muuza nyama. Ombi la Bahame, mumewe, lilikuwapo. Lilitoka Mtaa wa Wahunzi, lilipita vituo vyote vinavyotakiwa, likafika kwenye mtambo wa kugawa hewa. Na mtambo ulijibu. Ulisema afunguliwe koki yote, tena haraka.

"Alipewa," nikasema. "Mtambo ulimpa hewa, dada. Hewa ilitoka."

"Ikaenda wapi?"

"Sijui."

"Basi nakaa pale." Akanyoosha kidole kwenye benchi la mbele. "Ukishajua unaniambia. Usinitumie mtu."

*

Chumba cha mtambo kiko nyuma ya jengo, na humo ndani yumo Bibi. Ndivyo tunavyouita mtambo wa kugawa hewa, kwa sababu ni mzee kuliko sisi sote na hakuna anayethubutu kumzima. Waliomtengeneza wamekwisha kufa, na hakuna ajuaye kama akizimwa atawaka tena.

Shida ya Bibi ni kwamba hajui mambo ya siku hizi. Ujumbe kwenye mtandao wetu hutembea na njia yake kichwani: pitia kituo hiki, kisha kile, kisha pale, mpaka ufike. Kila kituo kinasoma, kinafuta jina lake, kinausukuma mbele. Mitambo yote mipya inaelewa mtindo huo. Bibi, ukimpa ujumbe wenye njia kichwani, anautupa kama takataka. Anachoelewa ni kitu kimoja, damu ya mtu ina oksijeni kiasi gani. Aliyezidiwa zaidi anapewa kwanza. Hajui jina lako, hajui unakaa wapi, na kwa kweli ndiyo maana nilimpenda.

Kwa hiyo kati ya mtandao na Bibi kuna programu inayosimama mlangoni, nayo tunaiita Mshenga. Ujumbe ukifika, Mshenga anauvua ile njia, anaishika yeye, anauingiza mtupu kwa Bibi. Jibu likitokea upande wa pili analivisha njia ile ile, nalo linarudi kwa mwenyewe. Mafundi hatusemi njia, tunasema ndala. Unavua mlangoni, unaingia, ukitoka unavaa zako. Na kila mtu aliyewahi kwenda kwenye shughuli yenye watu wengi anajua kinachoweza kutokea hapo: mtu anaondoka na za mwenzake.

Zamani hilo halikuweza kutokea, kwa sababu kila mtaa ulikuwa na mlango wake kwa Bibi, na Mshenga wake. Ndala za Wahunzi hazikukutana na ndala za Mihama. Kisha Shirika lilitafuta njia ya kuifunga ile milango bila kumzima Bibi, likashindwa, likaamua kuipitisha yote kwenye mlango mmoja, mingine ikaachwa imeegeshwa tu. Mshenga akabaki mmoja, na huyu ana akili fupi. Anakumbuka ndala za mwisho alizopokea, basi. Tuliambiwa haidhuru, ujumbe mmoja unaingia na kutoka ndipo unaingia mwingine. Lakini Bibi si mwepesi. Anapima, anafikiri, na wakati anafikiri mlango uko wazi.

Nikaketi kuuangalia mlango.

Sikukaa sana. Ombi likaja kutoka Wahunzi, la mtu mwingine, hali yake mbaya. Mshenga akavua, akaingiza. Bibi akaanza kupima. Papo hapo ukaja ujumbe mwingine kutoka upande wa Mihama, wenye ndala nzuri kabisa, na ndani yake hamna kitu. Hamna namba, hamna ombi. Mshenga akazitupa ndala za Wahunzi akashika hizi mpya. Ule ujumbe mtupu ukafika kwa Bibi, Bibi akaupuuza. Kisha akamaliza kupima, akasema: mpeni yule aliyezidiwa. Jibu likatoka, Mshenga akalivisha alichokuwa nacho mkononi, na hewa ya Wahunzi ikaenda Mihama. Huko Wahunzi, kipumulio kilipoona ombi lake limeondoka kwenye foleni ya Bibi, kikawaka kijani.

Nikaangalia tena, na tena. Ilikuwa hivyo kila mara, si bahati mbaya. Vile vijumbe vitupu vilikuja mfululizo kutoka kwenye vipumulio vya kifurushi cha Dhahabu, kile cha wanaolipa zaidi, na kwenye programu vimepewa jina, bila haya wala soni. Vinaitwa "hodi."

Ningeona ni ajali ningelia. Lakini mtu alikaa kwenye kiti, akanywa chai yake, akafikiri: tuwaambie vipumulio vya wenye nacho wapige hodi bila kuingia. Wavue ndala tu mlangoni, wangoje atoke mwenzao na riziki yake. Bibi hatakuwa amekosea, Mshenga hatakuwa amekosea, na hakuna hata mstari mmoja uliosema Bahame anyimwe. Alipewa, tena yote. Nilipiga meza ngumi mpaka mkono ukafa ganzi.

"Umeziona hodi," akasema mtu nyuma yangu.

Alikuwa Injinia Rweyongeza, mkuu wetu. Hakuwa ameshtuka. Aliburuta kiti akaketi karibu nami kama mjomba aliyekuja kusuluhisha ugomvi wa watoto.

"Injinia, hii ni kazi ya nani?"

"Mtandao wowote una kitu kama hicho. Ni kuhakikisha mteja bado yupo."

"Usinipige changa la macho! Nimeuliza ni kazi ya nani."

"Yangu." Akanitazama usoni. "Wande, hewa haitoshi. Hilo unalijua. Alasiri ikifika Bibi anagawa asichonacho. Hata ukimwachia agawe kwa haki yake, kuna watu watakosa. Mimi nimechagua wakose wale ambao hawatubebi. Wa Dhahabu ndio wanaofanya mtambo huu uendelee kuzunguka. Wakiondoka, tunafunga, na hapo wanakufa wote, wa Mihama na wa Wahunzi."

"Ungesema hivyo hadharani. Ungebandika tangazo pale mlangoni, watu wa Wahunzi wajue wanangoja bure, watafute pa kukimbilia. Wewe umewawashia kijani! Mtu anakufa anaangalia neno umehudumiwa!"

"Wangevunja milango."

"Si wavunje!"

Akangoja nimalize kuhema. Kisha akasema polepole, "Kabla hujaenda kupiga kelele huko nje, fungua majina ya wapiga hodi. Yasome yote."

Nikafungua. Yalikuwa majina ya wakubwa, wenye maghala, daktari mmoja, familia nzima nzima. Nikashuka. Kabula Mayunga, Mtaa wa Mihama Chini.

Kabula Mayunga ni mama yangu.

"Ile zawadi ya wafanyakazi bora," akasema Injinia. "Ulidhani tumewapa chujio jipya? Kila fundi humu ndani ana mtu wake humo. Mimi mwanangu wa kwanza yumo."

Mwaka ule mama yangu alikuwa analala ameketi. Hakuweza kumaliza sentensi moja bila kupumzika katikati. Kisha tukapewa ile zawadi, na taratibu akarudi kuwa mtu, akaanza tena kufagia uwanja, akaanza tena kugombana na majirani. Nilimshukuru Mungu. Nilimshukuru na huyu mtu aliyekaa mbele yangu.

"Jana hewa ya Bahame aliipata nani?" nikauliza.

"Mshenga hakumbuki. Ameshika nyingine na nyingine tangu hapo. Hata mimi nikitaka kujua siwezi, na wewe pia huwezi."

"Ile milango ya zamani imeegeshwa tu. Naweza kuifungua Bibi akiwa anafanya kazi."

"Unaweza. Na mimi siwezi kuifunga tena bila kumzima, na kumzima sithubutu. Najua." Akasimama, akarudisha kiti chake mahali pake. Hakuninyang'anya tableti. Hakuomba funguo zangu za programu. Alitoka akafunga mlango taratibu, na hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote, kwamba alikuwa na uhakika nami.

*

Mbuke alikuwa bado kwenye benchi la mbele, kipumulio mapajani. Nikasimama mbele yake. Dada wa mapokezi akaniashiria nishushe sauti kabla hata sijafungua mdomo.

"Ilikwenda kwa watu wa Dhahabu," nikasema, nikapandisha sauti. "Inakwenda kwao kila siku. Wanaokufa kwenu hawafi kwa bomba bovu. Inachukuliwa mlangoni."

Minong'ono ikaanza kwenye mabenchi. Mwanamume mmoja akasimama, akakitazama kipumulio chake kama kitu kilichomng'ata.

"Watu gani hao?" akauliza Mbuke. "Wana majina?"

"Wanayo. Wengi wao hawajui." "Mama yangu ni mmoja."

Nilijiandaa kwa kofi. Ningelipokea. Alinitazama kwa macho makavu.

"Yu hai?"

"Yu hai."

Akainuka, akakifunga kipumulio cha mumewe kwenye khanga yake, akaenda zake. Nikatoka nyuma yake, kisha nikashika njia ya Mihama Chini, upepo ukiwa umeanza kupanda.

*

Nilimkuta Mama uani anatwanga karanga. Bomba la hewa limepita puani, limezungushwa nyuma ya masikio, na chini yake mikono inafanya kazi kama ya msichana. Mchi ulipanda na kushuka bila kukatika.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umefura nini? Nani kakuudhi?"

Nikamwambia yote. Sikujua pa kuanzia nikaanza na ndala, naye akaelewa upesi kuliko nilivyotaka. Mchi ukasimama.

"Yaani mimi navua mlangoni, siingii," akasema. "Nangoja mgonjwa wa watu atoke na hewa yake, naondoka nayo."

"Hukujua, Mama."

"Nijue nisijue, nimepumua." Akaufuta mchi kwa kiganja, akalamba karanga zilizobaki. "Sasa unataka nini?"

"Nataka kufungua milango. Kila mtaa upate wake. Kila mtu arudishiwe ndala zake."

"Ukifungua, mimi napata kiasi gani?"

"Kiasi atakachoona Bibi."

"Sikuulizi habari za Bibi. Nakuuliza kiasi gani."

"Pungufu," nikasema. "Alasiri, pungufu sana."

"Kama zamani?"

Sikuweza kumtazama. "Kama zamani."

Mama akauegemeza mchi ukutani. Nilimngoja aseme lile neno nililokuja kulichukua, na nadhani liliandikwa usoni kwangu, kwa sababu aliniangalia akacheka kicheko kibaya.

"Usifungue."

"Mama!"

"Nimesema usifungue. Ulidhani nitasema nini? Fungua, mwanangu, mimi nimekula chumvi nyingi, niache nife kwa amani? Mnapenda wazazi wa namna hiyo, eti. Mimi sitaki kufa, Wande. Sitaki hata kidogo. Huyo Bahame nampa pole, na mkewe nampa pole, nikimwona nitampigia magoti. Lakini yeye amekwisha kufa na mimi bado."

"Leo atakufa mwingine. Sasa hivi tunavyoongea hapa, kuna mtu Wahunzi kipumulio chake kinawaka kijani na hapumui!"

"Simjui."

"Ungekuwa wewe je? Ingekuwa wewe ndiye uko Wahunzi?"

"Ningekuwa huko ningetaka ifunguliwe hiyo milango, na yule wa huku angekataa. Unaniuliza kitu gani, mtoto wewe?" Akanikaribia, bomba likimfuata. "Tena nikuambie. Hicho kidude chako unacho mkononi tangu kazini. Ungetaka kufungua ungefungua huko huko. Hukufungua. Umekuja mpaka nyumbani kwangu kutafuta ruhusa, ili siku nikifa uwe umeruhusiwa. Ulale usingizi. Uwaambie watu, Mama mwenyewe alisema. Sasa sisemi. Ruhusa sikupi."

Hakuna mtu aliyewahi kunivua nguo namna ile. Nilimchukia kwa dakika ile, mama yangu mzazi, kwa sababu kila alichosema kilikuwa kweli. Nilimchukia Injinia aliyejua kwamba ataikuta hasira yangu imekwama hapa hapa, kwenye uwanja huu, mbele ya kinu. Alimpa mama yangu pumzi ili iwe kamba ya kunifungia mimi. Alitufunga hivyo mafundi wote, mmoja mmoja, kila mtu kwa mtu wake, na akatuita wafanyakazi bora.

"Basi usinipe," nikasema. "Nafungua bila ruhusa yako."

"Wande."

"Ukifa, nimekuua mimi. Sitasema ulikubali. Nitasema ulikataa, nikafanya."

"Wande, nakuomba. Nakuomba, mwanangu."

Mama hakuwahi kuniomba kitu maishani mwake. Alikuwa akiagiza. Nikawasha tableti, nikakosea neno la siri mara ya kwanza, na nikadhani labda litakataa, na nikatamani likatae. Halikukataa. Nikafungua mlango wa Wahunzi kwanza. Kisha wa Kisimani, wa Stesheni ya Kale, wa Mihama Juu. Mlango wetu nikaufungua mwisho. Kila mtaa ukawa na Mshenga wake, kila Mshenga akishika za mtu mmoja mpaka atoke. Hodi zikaendelea kupigwa kwenye ule mlango mmoja wa pamoja, na hapo hapakuwa na mtu tena wa kutoka na chochote.

Simu yangu ikaanza kuita. Niliona jina la Injinia, nikaizima.

Upepo ulikuwa umeshapanda na vumbi limejaa uani. Bomba la Mama, ambalo hutoa sauti ndogo ya hewa mchana kutwa mpaka tumezoea hatuisikii, likapunguza sauti. Tukaisikia sote wawili ikipungua. Mama akashika ukingo wa kinu. Akatafuta kigoda kwa mguu, akakivuta, akaketi. Mabega yakaanza kupanda na kushuka.

Nikainama kumshika. Akanisukuma mkono.

"Usi... nishike."

"Vuta taratibu, Mama. Bibi anakupima. Akikuona umezidiwa atakupa."

Akatikisa kichwa, macho yamenikazia, kifua kinatafuta. Alikuwa na hasira ambayo sijawahi kuiona kwa mtu, na hakuwa na hewa ya kuitoa. Alifungua mdomo, akaufunga, akainua kidole kimoja kunizuia nisiseme lolote.

"Nina... matusi yako," akasema. "Mengi. Ngoja... nipate pumzi."

Nikakaa chini kwenye vumbi, mbele ya kigoda chake, nikangoja anitukane.